Viatu vya Kirumi Vimerudi: Jina la Nani, Jasho la Nani?

Vile viatu vya kanda nyingi, ambavyo kanda zake hujizungusha kifundoni na pengine kupanda hata kufika gotini, havina kifo. Kila watu wanapodhani kwamba vimekwisha zikwa, mara huonekana tena katika madirisha ya maduka makubwa ya Milan, Paris na London, na baada ya msimu mmoja au miwili huku kwetu Mombasa huvikuta vimetandazwa juu ya maturubali kando ya njia, vya plastiki na vya ngozi bandia, kwa bei ya kupatana. Wauzaji huviita "gladieta". Wasichana wetu nao huviita hivyo hivyo, na kwa hali ninavyoiona jina hilo limekwisha ingia mjini, tupende tusipende. Mama mmoja jirani yangu aliposikia kwamba viko vinavyofika gotini aliuliza kwa mzaha: vya nini vyote hivyo, na buibui lafika chini?

Mimi nimevutwa zaidi na hilo jina. Jina hilo si la kweli, na ingawa si la kweli limewatajirisha watu wengi. Wakati huo huo wako mafundi wenye kiatu chao cha kanda na jina lake la haki, tena lililoandikwa katika daftari la serikali, ambao mwaka wa 2025 walikiona kikipandishwa jukwaani huko Milan bila ya kutajwa jina wala kwao. Mambo hayo mawili, jina la uongo linalouza na jina la kweli lililoachwa mlangoni, ni sarafu moja yenye pande mbili, na sisi watu wa pwani tusidhani kwamba hatumo.

Kwanza tuulizane: hao magladieta walikuwa ni watu gani? Wengi wao walikuwa watumwa, mateka wa vita na wahalifu katika dola ya Warumi, ijapokuwa walikuwamo pia watu huru waliojiuza wenyewe kwa sababu ya deni au kutaka sifa. Walifundishwa kupigana ili umati upate kutazama na kushangilia. Uwanja wao ulimwagwa mchanga, na neno la Kirumi la mchanga, harena, ndilo lililozaa neno "arena" wanaloliita Wazungu uwanja wa michezo mpaka leo. Sasa, mtu anayepigana juu ya mchanga, ambaye uhai wake umo katika wepesi wa miguu, avae kiatu cha nini? Ukizitazama sanamu za kale na zile sakafu za vijiwe vya rangi ziitwazo mozaiki, ambazo mojawapo mashuhuri ilichimbuliwa Zliten katika nchi ya Libya, utaona kwamba aghlabu magladieta hupigana miguu mitupu. Wengine wamefungwa vitambaa miguuni, na wengine wamevaa bamba la kukinga muundi. Zile kanda za kusokotana mpaka gotini ambazo leo zinaitwa kwa jina lao, wao hawakuzijua.

Kiatu kilichokuwa na kanda kilikuwa cha askari. Kiliitwa caliga, na vikiwa vingi caligae. Fundi alichukua kipande cha ngozi, akakipasua pasua pembeni mpaka kikawa kama wavu, akakifunga kwa kanda mbele ya mguu na juu ya kifundo. Chini yake alitia soli nene ya tabaka kadha za ngozi, kisha akapigilia misumari ya chuma yenye vichwa vya mviringo, makumi kwa makumi. Mchezaji mpira wetu akikiona leo hatahitaji kuambiwa. Atasema hizi ni njumu. Na kazi yake ilikuwa karibu na hiyo ya njumu: kushika ardhi. Kule kuachwa wazi nako kulikuwa na hekima yake. Askari wa Kirumi alikwenda kwa miguu mwendo mrefu siku baada ya siku, akivuka mito na matope. Kiatu kilichozibwa hushika maji na kumchubua mtu, lakini hiki maji yaliingia na kutoka, na upepo ukaukausha mguu.

Lakini hapana kiatu kisicho na aibu yake. Mwandishi wa tarikh Josephus, aliyeishi zama hizo, anasimulia habari ya afisa mmoja wa Kirumi aitwaye Julianus katika vita vya Baitul Muqaddas mwaka wa 70. Huyu bwana alikuwa shujaa kweli kweli, akawafukuza adui peke yake mpaka katika ua wa hekalu. Ua ule ulikuwa umetandikwa mawe laini. Misumari ya viatu vyake ikateleza juu ya mawe, akaanguka kwa kishindo cha silaha zake zote, na wale waliokuwa wakimkimbia wakageuka wakamzunguka wakamwua. Kiatu kilichotengenezwa kwa ajili ya udongo kilimsaliti juu ya sakafu.

Iko na hadithi nyingine inayonichekesha kila nikiikumbuka. Mabaharia wa serikali waliokuwa wakitembea kwa zamu kutoka bandari za Ostia na Puteoli hadi mji wa Rumi walimwendea Kaisari Vespasian kumwomba posho ya viatu, kwa kuwa viatu vilikuwa vinakwisha njiani. Vespasian, aliyejulikana kwa mkono wa birika, akawajibu kwamba basi tangu leo na watembee bila viatu. Na ikawa hivyo. Anayeisimulia ni Suetonius, na ni huyo huyo anayetueleza pia kwamba Kaisari Gaius, aliyetawala kuanzia mwaka wa 37 hadi 41, alipewa lakabu ya Caligula, maana yake "kiatu kidogo cha askari", kwa sababu utotoni alilelewa kambini pamoja na majeshi ya baba yake na kuvishwa kama askari mdogo. Dunia imemjua kwa ukatili wake chini ya jina la kiatu cha mtoto.

Bei yake pia tunaijua. Mwaka wa 301 Kaisari Diocletian alitoa amri ya kuweka kikomo cha bei za vitu, na amri hiyo ilichongwa katika mawe, ikabaki. Humo imeandikwa kwamba viatu vya askari, bila misumari, visizidi dinari 100. Kibarua wa shamba alikadiriwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula chake. Kwa hiyo kiatu cha askari kilikuwa jasho la siku nne la mtu maskini, na viatu vya mabwana wakubwa, vilivyowekwa dinari 150, vilikuwa jasho la siku sita. Naomba msomaji aziweke nambari hizi mfukoni. Tutazihitaji hivi punde.

Tusidhani tena kwamba viatu hivi tumevijua kwa vitabu na sanamu tu. Kaskazini ya Uingereza, karibu na ule ukuta wa Kaisari Hadrian, kuna mahali paitwapo Vindolanda palipokuwa na ngome ya Warumi. Udongo wa pale una unyevu na hewa haipenyi, basi ngozi haikuoza. Viatu zaidi ya 5,000 vimekwisha chimbuliwa hapo, na miongoni mwake mna vya wanawake na vya watoto wadogo, jambo lililowafahamisha wataalamu kwamba ndani ya ngome walikaa watu na aila zao. Mwaka wa 2025, katika ngome jirani ya Magna, vilichimbuliwa viatu kadha vyenye urefu wa zaidi ya sentimita 30, hata watu wakaanza kuulizana hao walikuwa ni askari gani wenye miguu mikubwa namna hiyo.

Wala si Warumi waliobuni kiatu cha wazi. Katika pango moja la Fort Rock, jimbo la Oregon, Marekani, mwaka wa 1938 vilipatikana makumi ya viatu vilivyosukwa kwa magome ya kichaka, na umri wake umepimwa ukaonekana wapata miaka 9,000 na zaidi. Huko Misri, katika lile bamba la jiwe la mfalme Narmer, la kama miaka 3,100 kabla ya Nabii Isa, mfalme yu peku na nyuma yake amesimama mtumishi aliyemchukulia viatu vyake. Katika kaburi la Firauni Tutankhamun lililofunguliwa mwaka wa 1922 mlikuwamo viatu vilivyochorwa mateka juu ya wayo, ili mfalme kila akikanyaga awe amewakanyaga adui zake. Tangu zamani kiatu kilikuwa kikieleza nani yu juu na nani yu chini.

Na sisi Waislamu tuna habari yetu katika jambo hili. Nabii Musa (A.S.) aliamrishwa kuvua viatu vyake katika bonde takatifu la Tuwa, kama ilivyo katika Surat Taha. Na imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba viatu vya Mtume wetu (S.A.W.) vilikuwa na gidamu mbili. Kiatu cha ngozi, chenye gidamu, kinachoingiwa na hewa, ni kiatu cha nchi za jua na mchanga, na watu wa nchi hizo hawakungoja Mzungu awafunze kukivaa. Hata neno letu wenyewe la kandambili, ambalo leo twalitumia kwa vile vya mpira vya kuingilia chooni, limebeba kumbukumbu ya kanda mbili.

Basi jina la gladieta lilitoka wapi? Nionavyo mimi, lilitoka katika senema zaidi kuliko katika tarikh. Baada ya vita vikuu vya pili watengeneza filamu walipenda mno mambo ya Warumi. Filamu ya Ben-Hur ilitoka mwaka wa 1959, Spartacus ikafuata mwaka wa 1960, na Cleopatra ya Elizabeth Taylor mwaka wa 1963. Watazamaji waliona vifua wazi, panga fupi na miguu iliyofungwa kanda. Kwao kila Mrumi mwenye upanga akawa gladieta, na kila kanda mguuni ikawa yake.

Wakati huo huo watalii matajiri walikuwa wakimiminika katika pwani za bahari ya Mediterania, na huko waliwakuta mafundi wanaoshona viatu vya kanda kwa mkono. Mjini Athens palikuwa na duka la Melissinos, lililofunguliwa mwaka wa 1920. Mwenye duka, Stavros Melissinos, alikuwa mshona viatu na mshairi pia, na miongoni mwa wateja wake alikuwa John Lennon wa kundi la The Beatles. Mjini Saint-Tropez, Ufaransa, Jacques Keklikian, Muarmenia wa asili, alianzisha karakana mwaka wa 1933 ambayo mpaka leo yajulikana kwa jina la K. Jacques. Katika kisiwa cha Capri, Italia, walikuwako wengine wa kazi hiyo. Natamani msomaji aangalie jambo moja hapa: hawa walikuwa mafundi wadogo, lakini kila mmoja aliandika jina lake juu ya mlango wake. Tajiri aliyenunua alirudi kwao akasema, hiki nimeshonewa na fulani.

Mtindo ukapoa, kisha ukarudi kwa nguvu. Mwaka wa 2000 ikatoka filamu ya Gladiator ya Ridley Scott. Mwaka wa 2008 nyumba ya mitindo ya Balenciaga ya Paris ikaonyesha viatu vya kanda vilivyopanda mpaka gotini, na tangu hapo kila kiangazi cha Ulaya vimekuwa vikichungulia. Ilipotoka filamu ya pili ya Gladiator mwaka wa 2024, biashara ilikuwa tayari inamngoja mteja mlangoni. Gladieta maskini, aliyekufa bila viatu, hana wakili wa kuuliza kwa nini jina lake linauziwa kile ambacho hakupata kukivaa. Jina la maiti halina mwenyewe, kwa hiyo ni la kila mtu.

Lakini watu walio hai ni mambo mengine. Hapa ndipo tunapofika Kolhapur.

Kolhapur ni mji katika jimbo la Maharashtra, Bara Hindi. Kwa karne nyingi mafundi wa sehemu hizo wameshona champali za ngozi zinazojulikana dunia nzima kwa jina la mji huo. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa pwani champali ni nini; neno hilo lilivuka bahari likaja kwetu kwa majahazi pamoja na bizari na vitambaa. Ngozi yake, aghlabu ya nyati wa kufugwa, hudabighiwa kwa magome na matunda ya miti, bila dawa za viwandani. Hushonwa kwa kanda nyembamba za ngozi hiyo hiyo, na champali ya asili haitiwi hata msumari mmoja. Kisha ina kidole cha ngozi cha kuingiza dole gumba, na msuko juu ya mguu. Wanaoishona wengi ni watu wa jamii za Wadalit, waliodharauliwa kwa mamia ya miaka katika nchi yao kwa sababu hiyo hiyo ya kushika ngozi. Mwaka wa 2019 serikali ya Bara Hindi iliisajili champali hiyo kuwa ni alama ya mahali. Maana yake ni kwamba jina "Kolhapuri" haliruhusiwi kutumiwa ila kwa champali zilizotengenezwa katika wilaya nane zilizotajwa, nne za Maharashtra na nne za Karnataka.

Mwezi wa Juni 2025, katika maonyesho ya mitindo ya wanaume mjini Milan, nyumba ya Prada ilipitisha vijana jukwaani wamevaa champali. Si zilizofanana kwa mbali. Aliyepata kuvaa ya Kolhapur alizitambua kabla kijana hajafika mwisho wa jukwaa. Prada iliziita "viatu vya ngozi" basi, wala Bara Hindi haikutajwa. Watu wa Maharashtra wakaja juu, mafundi, wafanyabiashara na wanasiasa. Hazikupita siku nyingi Lorenzo Bertelli, mwana wa wenye Prada, akaandika barua kwa chama cha wafanyabiashara wa Maharashtra akikiri kwamba viatu vile vilichukua mfano wa kazi ya mikono ya Bara Hindi yenye urithi wa karne nyingi. Mwezi wa Julai wajumbe wa Prada wakaenda Kolhapur kuwaona mafundi.

Sasa tutazame sheria, maana hapa ndipo watu wengi walipopotea. Wako waliosema: si imesajiliwa? Mbona Prada haikushtakiwa ikashindwa? Walijaribu. Mawakili kadha walipeleka kesi katika Mahakama Kuu ya Bombay, na mwezi huo huo wa Julai mahakama ikaikataa, ikisema kwamba walioleta kesi si wenye jina. Wenye jina wapo, na wakitaka waje wenyewe. Na hata wenyewe wangekwenda, kulikuwa na kikwazo kingine. Sheria ya alama ya mahali hulinda jina. Kama Prada ingeandika "Kolhapuri" juu ya kiatu kilichoshonwa Italia ingekamatwa kwa ulimi wake. Lakini haikuandika. Ilichukua umbo, ikaliacha jina, na umbo halina daftari. Kwa maneno mengine, kule kutotaja jina, ambako mafundi walikuona ni dharau, kisheria ndiko kulikokuwa kinga.

Basi kama si mahakama, ni nini kilichoirudisha Prada mezani? Wengi watasema ni kelele. Mimi nasema kelele peke yake haitoshi. Nyumba kubwa za Ulaya zimepigiwa kelele mara ngapi, zikanyamaza mpaka upepo ukapita? Jambo lililoongezeka hapa ni kwamba palikuwa na mtu wa kuandikiwa barua. Daftari la mwaka wa 2019 lilikuwa limekwisha wataja wenye jina: mashirika mawili ya ngozi ya serikali za majimbo, LIDCOM la Maharashtra na LIDKAR la Karnataka. Prada haikuweza kusema haijui iongee na nani. Mwezi wa Desemba 2025 pande hizo zikatia saini mapatano. Ilitangazwa kwamba jozi 2,000 zitashonwa katika majimbo hayo mawili na kuuzwa kuanzia Februari 2026 katika maduka 40 ya Prada duniani, na kwamba mafundi watapewa mafunzo, wengine kwa muda mfupi huko huko Italia. Bei iliyotajwa ni kama euro 800 kwa jozi, yaani dola 930 hivi.

Nambari zile mfukoni sasa tuzitoe. Champali ya kawaida ya Kolhapur huanzia kama dola 12. Basi ya Prada ni zaidi ya mara 70 ya hiyo. Kwa Warumi, kiatu cha bwana mkubwa hakikufika hata mara mbili ya kile cha askari wake, na hiyo ni dola iliyojengwa juu ya migongo ya watumwa. Sisemi kwamba Prada inawaibia watu kwa kuuza ghali. Anayetaka kutoa euro 800 kwa champali ni hiari yake na mali yake. Ninalouliza ni kwamba katika hizo euro 800, sehemu gani itaingia katika mfuko wa yule anayekaa chini na kushika msharasi. Na jozi 2,000, kwa mafundi waliotapakaa katika wilaya nane, ni kazi ya muda mchache tu. Wenye kushangilia na washangilie, lakini wasisahau kuhesabu.

Hata hivyo walipata kitu, na ningependa kuwatazama mafundi wetu kwa jicho hilo.

Katika kisiwa cha Pate uko mji wa Siyu. Anayeijua tarikh ya pwani anajua kwamba katika karne ya 19 Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na wanakili wa misahafu, na pia mji wa mafundi wa mbao na ngozi. Makubadhi ya Siyu yalijulikana pwani nzima. Mwanamume aliyevaa kanzu safi na kofia ya viua hakukamilika bila ya makubadhi yaliyotiwa nakshi, na mpaka leo wako mafundi wa Siyu na Lamu waishikao kazi hiyo. Mmoja wao, mtu mzima wa kunizaa, nilimwuliza ana wanafunzi wangapi. Alicheka, akanijibu, "Mwanangu, kijana atakuja kukaa chini na mimi miaka mitatu, na ndara za plastiki zashuka kwa makontena?" Kisha akaniletea jozi yenye msuko juu ya kifundo, akasema kwamba mtalii mmoja alimwagizia mfano wake kutoka katika picha ya jarida. "Aliviita gladieta," akasema. "Mimi nikamwambia hii ni kubadhi, nimeiongeza kanda tu." Mtalii akalipa, akaenda zake, na bila shaka huko kwao viatu vile vinaitwa gladieta za Afrika.

Hapo naona hatari yetu. Kiatu cha Kolhapur kilichukuliwa bila jina, lakini jina lilikuwa pahala pake, limeandikwa. Kubadhi ya Siyu huenda ikachukuliwa, na pale pa jina likabandikwa lile la yule Mrumi aliyepigana peku. Likitokea hilo, barua itaandikiwa nani? Siyu haina chama cha wafanyabiashara kinachosikika Milan.

Wala si kwamba hatujapata kuonjeshwa. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe huko kwao neno KIKOY kuwa alama yake ya biashara. Neno letu! Kikoi hichi hichi anachovaa mvuvi, anachojifunga bwana arusi na anachopewa mgeni. Lau ombi lile lingekubaliwa, mfanyabiashara wa Kenya anayepeleka vikoi Uingereza angelazimika kuomba ruhusa ya kutumia jina la nguo ya babu yake. Lilipingwa na watu wa Kenya wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza, na kufika mwaka wa 2008 ombi likaanguka. Tulishukuru Mungu, tukarudi tukalala.

Jirani zetu Wataita hawakulala. Vikapu vyao vilisajiliwa kuwa na alama ya pamoja, ambayo wasukaji wenyewe ndio wenye haki ya kuitumia, na hilo limefanywa kwa sheria ya alama za biashara iliyopo Kenya bila ya kungoja sheria mpya. Njia hiyo ipo wazi kwa makubadhi vile vile. Linalotakiwa ni mafundi wa Siyu, wa Lamu na wa Mombasa wakubaliane kubadhi ni nini: ngozi gani, mshono gani, nakshi gani, na ni nani anayehesabiwa kuwa fundi na nani mchuuzi tu. Mabishano hayo si madogo. Wasiyu watasema kubadhi ni ya Siyu. Watu wa Lamu watasema yao. Na sitashangaa wa Mombasa wakiongeza lao. Kolhapur nao walibishana, majimbo mawili, lugha mbili, na mwishowe wakaandikwa wote wawili katika daftari moja.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanasheria, na kwamba fundi ashibaye ni yule mwenye wateja. Kweli, daftari halishoni kiatu. Ikiwa vijana wa pwani hawavai makubadhi ila siku ya Idi na siku ya maulidi, na siku nyingine zote tumevaa plastiki ya kontena, basi hata tukisajili herufi kwa herufi tutakuwa tumesajili kitu cha makumbusho. Ndiyo maana huyu dada yetu anayetafuta viatu vya kanda mimi simlaumu. Yeye ndiye mteja. Anataka kiatu chepesi, cha kanda, kizuri, cha kwenda nacho chuoni na arusini, na anayemwonyesha ni yule wa turubali peke yake. Fundi wa Lamu ana ngozi, ana msharasi, na kanda anajua kuzisuka. Alikwisha zisuka kwa ajili ya mtalii. Ila hana kibanda Marikiti, na yule binti hajui kwamba kiatu anachokitafuta kimeshonwa safari ya siku moja kutoka alipo, nacho kina jina la Kiswahili.